Nikiongeza RAM laptopu itakuwa nyepesi? Majibu kwa wasomaji

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinauliza RAM. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu kwa sababu majibu ya wengi wenu yamo humo humo, kwa hiyo hata kama swali lako halijatokea pitia hilo kwanza.

Swali: Habari za kazi kaka. Nina steshenari hapa Morogoro, nachapa na kuprinti kazi za wanafunzi. Laptopu yangu ni ya mtumba, Windows 10, prosesa i5 ya kizazi cha nne, ilikuwa na RAM GB 4 na hadi diski (hard disk) GB 500. Ilikuwa nzito nikaambiwa niongeze RAM nikaweka ikawa GB 8. Kweli sasa nikifungua Word na PDF na Chrome kwa pamoja haigandi kama zamani lakini kuwaka ni kule kule, naiwasha naenda kufagia nje narudi bado inazunguka. Fundi anasema nikiweka 16 ndo itakuwa nyepesi kabisa. Nimsikilize?

Jibu: Dada yangu asante, tena umeeleza vizuri sana maana umetaja kilichobadilika na ambacho hakijabadilika, na hapo ndo jibu lilipo. Usiweke 16. Hiyo hela nunua SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Ngoja nikueleze kwanini, ili fundi akikuuliza uwe na la kumwambia.

RAM ni pale kompyuta inapoweka kile inachokifanyia kazi sasa hivi. Chukulia ni rafu ya dukani kwako, halafu diski ni stoo iliyoko mtaa wa pili. Cha kwenye rafu unageuka tu unampa mteja, cha stoo lazima kijana atumwe. Rafu ikiwa ndogo na wateja wakawa wengi, kijana atashinda njiani kutwa nzima, ukiongeza rafu safari zinapungua. Lakini asubuhi unapofungua duka hii rafu iko tupu, kila kitu kinatoka stoo, na hapo hata ungekuwa na rafu ukuta mzima bado unamsubiri kijana yule yule na mwendo wake ule ule.

RAM inafutika ukizima mashine, ndo maana kila ukiwasha inaanza tupu. Kwa hiyo kuwaka ni kazi ya diski. Na hadi diski za laptopu nyingi za zamani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, ukipiga hesabu mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na kabla ya hapo kuna kamkono ndani kanatakiwa kasogee mpaka mahali data ilipo, kwa hiyo kusoma kipande kimoja kidogo kinakula kama milisekunde 10 hadi 20, maana yake kwa sekunde nzima inawahi vipande 50 mpaka 100 hivi basi. Sasa Windows ikiwaka inataka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya diski, antivairasi nayo inataka vyake, programu ya printa, programu nyingine ambazo hata huzitumii, vyote vinapanga foleni kwenye kamkono kale kamoja. Ndo hiyo dakika unayofagia nje. SSD haina kinachozunguka wala mkono wowote, inatoa kipande kwa muda mdogo kuliko hata milisekunde moja na inaweza kuhudumia maelfu kwa sekunde. RAM yenyewe inajibu kwa nanosekunde 100 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), yaani mbele ya hadi diski ni kama mara laki moja.

Hiyo namba ya mwisho ndo inaeleza pia kwanini kutoka 4 kwenda 8 ulisikia tofauti. RAM ikijaa Windows haikwambii "nimeshindwa", inachukua data ya programu ambazo hujazigusa muda mrefu inaziweka kwenye diski, ukirudi kwenye ile programu inazirudisha. Ukiwa na Word, PDF ya kurasa mia na Chrome ndani ya GB 4 inakuwa inatoa na kurudisha, inatoa na kurudisha, kila safari ni ile foleni ya kamkono, na wewe unaona mshale umeganda tu. Si jambo la Windows peke yake wala si la juzi. Kompyuta ya Atlas pale Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa inakopa nafasi nje ya memori namna hii tangu 1962, na mwaka 1968 Peter Denning wa Marekani akaandika kuhusu ugonjwa wake, mashine inashinda inahamisha data mpaka kazi yenyewe haiendi. Dawa ya huo ugonjwa ni RAM kweli. Wewe umeshaitumia na imekuponya, dozi ya pili haina cha kuponya.

Labda kama hiyo 8 nayo inajaa. Usimwamini mtu kwa mdomo, pima. Subiri siku duka limejaa, umefungua kila unachofungua kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance kisha Memory. Angalia palipoandikwa Available, hiyo ndo iliyobaki. Ukikuta bado GB 2 au 3 zipo basi RAM inatosha, nukta. Halafu angalia Committed, pana namba mbili zimetenganishwa na mkwaju, ile ya kwanza ikiwa imeipita RAM yako kwa mbali, mfano 11 wakati una 8, hapo ndo uanze kufikiria 16. Kisha bonyeza Disk. Ukikuta Disk iko 100% huku RAM iko nusu, mgonjwa umempata.

Tafadhali usishtuke ukiona RAM imetumika asilimia 50 au 60 na hujafungua kitu, hiyo ni Windows yenyewe na programu zinazojiwasha nyuma. Na nafasi inayobaki wazi Windows inaitumia kukuwekea faili ulizofungua karibuni, ndo maana Word ukiifungua mara ya pili inakuja haraka kuliko ya kwanza. Hapo RAM nyingi inasaidia kidogo, sikatai, ila utazima jioni na kesho unaanza upya.

Kuhusu kununua: mashine yako inachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inatosha kabisa kwa kazi yako. Zile za NVMe ndefu kama bablishi zina kasi zaidi lakini laptopu ya kizazi hicho kwa kawaida haina pa kuichomeka, usiuziwe. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kilivyo bila kuinstoli upya. Kabla hajafungua hata skrubu moja, kopi kazi za wateja kwenye diski ya nje, maana hadi diski iliyozeeka inaweza kuwa nzito kwa sababu inakufa, na hizo zinaweza kufia siku hiyo hiyo ya kuhamishwa. Mwambie aiangalie afya yake kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure.

Na jambo moja hukuuliza ila lazima nilitaje. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, yakiwemo ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Atakuja mtu akwambie ongeza RAM ndo upate Windows 11. Si kweli, Windows 11 inataka GB 4 tu, unazo. Kinachokukwamisha ni prosesa, ile chipu kuu inayopiga hesabu, upande wa Intel orodha yao inaanzia kizazi cha nane, na RAM ya aina yoyote haibadilishi prosesa. Kwa hiyo SSD inunue, ni nzuri na unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine yenye nafasi yake baadaye, lakini usiendelee kumwaga hela nyingi kwenye hiyo laptopu. Nasema hivi kwa sababu hela ya steshenari naijua inavyopatikana, shilingi hamsini hamsini za fotokopi.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi niko Mombasa. Niliongeza RAM kwa desktopu ya nyumbani ikawa GB 8 lakini nikiangalia inaniambia 8.00 GB halafu kando inasema inayotumika ni 3.41 peke yake. Nimeuziwa feki? Nirudishe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimrudishie mwenye duka kwanza, mashine imeziona GB 8 zote, kwa hiyo hukuuziwa pungufu.

Windows yako ni ya biti 32. Namba za biti 32 zinaweza kuhesabu anwani za memori mpaka GB 4 tu, na ndani ya hizo anwani kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua fungu lao, ndo unabaki na 3 na pointi. Ungeweka hata 32 ungeona 3.41 hiyo hiyo. Fungua Settings, System, About, usome mstari wa System type. Kama umeandikwa 32-bit operating system, x64-based processor basi mashine inaweza kubeba Windows ya biti 64, umeinstoliwa tu ile nyingine. Huwezi kupandisha juu kwa juu, ni kuinstoli upya, kwa hiyo toa kazi zako zote kwanza. Laiseni ile ile itakubali mradi ni toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro.

Ukikuta tayari ni ya biti 64 na bado inaonyesha pungufu, andika msconfig kwenye sehemu ya kutafutia, Boot, Advanced options, hakikisha Maximum memory haina tiki. Kuna watu wanaiweka tiki wakidhani wanaongeza kasi, wanaibana mashine. Hapo kukigoma ndo uchomoe RAM uirudishe vizuri mpaka ikubali kwa mlio pande zote mbili, umeme ukiwa umetolewa ukutani.

Swali: Mimi naulizia simu. Nimenunua simu boksi limeandikwa RAM 16GB, nafungua ndani naona 8+8. Na kweli nikilinganisha na ya shemeji yenye 8 sioni tofauti. Hii ikoje? Msomaji, Mwanza.

Jibu: Ndugu yangu huoni tofauti kwa sababu RAM yako ni 8, sawa na ya shemeji. Hiyo 8 ya pili imekatwa kwenye storeji ya simu, ni ule ule ukopaji niliomweleza dada wa Morogoro. Kampuni nyingi zinafanya, kila mmoja ana jina lake, Samsung wanaiita RAM Plus. Faida yake ipo ila ndogo, apu uliyoiacha nyuma inaweza isifungwe upesi, ukirudi unakuta pale pale ulipoishia. Lakini gemu haitaenda kasi zaidi na kamera haitafunguka haraka zaidi, storeji ya simu hata iwe nzuri vipi haiifikii RAM.

Kinachoniudhi ni yale maandishi makubwa ya 16 kwenye boksi na 8+8 kwa herufi za sisimizi chini. Mtu anajinyima miezi, anastahili kuambiwa anachonunua. Ukienda dukani uliza hivi tu: RAM ya kweli ni ngapi? Na kama storeji yako ni 128 na imeshakaribia kujaa zima hiyo nyongeza upate GB zako 8 za picha, zina kazi zaidi huko.

Swali: Niaje. Nafanya edit ya video za harusi, niko Nairobi. ThinkPad T480, i5, RAM ni 8 stiki moja, SSD iko tayari. Premiere inakwama nikiweka layer kadhaa na export inachukua milele. Nataka kununua 16 nyingine, itasaidia ama napoteza pesa?

Jibu: Wewe nunua, tena wewe ndo yule mtu ambaye RAM ilitengenezwa kwa ajili yake. Adobe wenyewe, wenye hiyo programu ya Premiere, wanapendekeza GB 16 kwa video za HD na 32 kwa 4K, hiyo 8 ni kiwango cha chini cha kuiwezesha ifunguke tu. Ukiwa na klipu nyingi kwenye taimlaini huku Chrome iko wazi unatafutia miziki, 8 imeisha zamani sana.

Halafu una faida ya pili ambayo watu hawaitaji. T480 nyingi hazina kadi ya picha ya peke yake, zinatumia ile ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na hiyo haina memori yake, inachota kwenye RAM hiyo hiyo. Kwa stiki moja inapita njia moja. Ukiweka ya pili zinafunguka njia mbili kwa wakati mmoja, RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400, stiki moja ni kama GB 19 kwa sekunde, mbili ni 38. Mtu wa Word hatalisikia hilo hata kidogo, mtu wa video na gemu atalisikia. Ikiwezekana chukua mbili zinazolingana, 8 na 8 au 16 na 16. Hata 8 na 16 zitafanya kazi, ile sehemu inayolingana ndo inapata njia mbili na iliyobaki inaenda kwa moja, si mbaya.

Ila export usiitegemee ipungue sana. Kukwama wakati unaedit kutapungua, kuburuta mbele nyuma kutakuwa laini, lakini export ni prosesa inapiga hesabu, na ikishakuwa na RAM ya kutosha, nyongeza haipigi hesabu. Hapo angalia kwenye mipangilio ya export kama umechagua Hardware Encoding, ile i5 ina sehemu maalum ya kutengenezea video za aina ya H.264, watu wengi wanaiacha bila kujua wanakesha bure.

Kabla hujalipa: hakikisha ni T480 kweli na si T480s. T480 ina slotu mbili, T480s ina moja na nyingine imechomelewa kwenye bodi. Chukua DDR4 ya laptopu, usichukue DDR3 hata ukipewa kwa bei ya kutupa, mkato wake uko sehemu nyingine haiingii, na kuna watu wamelazimisha wakavunja slotu. Ukichanganya stiki ya 2400 na ya 3200 zote zinakwenda kwa 2400, kwa hiyo usilipie kasi ambayo mashine haitaitumia. Bei nazo zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025 kwa vile viwanda vya chipu vinahudumia kwanza kampuni za akili mnemba, kwa hiyo usishangae stiki ya mtumba ikiwa ghali kuliko uliyonunua mwaka wa nyuma, na hapo hapo kuwa makini, ukinunua ya mtumba omba uichomeke mbele ya muuzaji na baadaye usiku uiache ipimwe na programu ya MemTest86. Ikitoa kosa hata moja irudishe. RAM yenye kosa moja inaweza kukuharibia mradi wa harusi ya mtu, na harusi hairudiwi.

Swali: Mzee naomba kujua, hizi programu za kusafisha RAM ambazo ukibonyeza zinasema zimeachia GB 2, zinafanya kazi kweli? Nimepewa na rafiki, niko Tanga.

Jibu: Namba inayokuonyesha inaweza kuwa ya kweli, lakini haina faida kwako. Inachofanya ni kuzilazimisha programu ziachie RAM, data yao inahamishwa au inafutwa, dakika moja baadaye unazirudia na diski inaanza kuzileta upya. RAM iliyo tupu haikufanyii kazi yoyote, ni bora ikae imejaa vitu utakavyovihitaji, na Windows inajua kuziachia yenyewe programu nyingine ikiomba nafasi. Tangu Windows 10 ianze mwaka 2015 inabana hata data ndani ya RAM kabla haijaipeleka kwenye diski, kazi hiyo inafanyika bila wewe kubonyeza.

Biashara hii ina historia mbaya. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys huko Marekani iliuza programu iitwayo SoftRAM95 kwa madai ya kuongeza RAM maradufu kwenye Windows 95, ikanunuliwa na mamia ya maelfu ya watu kwa sababu RAM ilikuwa ghali sana. Waliokuja kuichunguza wakakuta haiongezi chochote, na mwaka uliofuata tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaibana kampuni kwa madai ya uongo. Leo kuna mbaya kuliko hizo, nyingine zinakuletea matangazo na kuchungulia unachofanya.

Ifute. Kisha bonyeza Ctrl, Shift, Esc, nenda Startup, zima yale usiyoyahitaji yanayojiwasha yenyewe, antivairasi uiache. Kwenye Chrome ingia Settings, Performance, washa Memory Saver, itazilaza kurasa ulizoziacha wazi bila kuzitazama. Ukishafanya hivyo fanya kazi zako siku mbili tatu za kawaida, kisha pima Available kama nilivyomwelekeza dada wa Morogoro, na ukikuta imebaki chini ya GB 1 kila mara niandikie modeli ya mashine yako nikwambie inachukua RAM gani.